Kushambulia au kulinda? Kisa cha timu ya futiboli ya Kiaustralia iliyobadili mfumo mara mbili katika msimu mmoja

Kisa hiki ni cha klabu ya ridhaa inayocheza ligi ya wilaya katika jimbo la Victoria, Australia. Jina la klabu, la mji, la kocha na la wachezaji yameondolewa, na mambo machache ambayo yangeitambulisha yamefichwa. Kimeandikwa kwa ajili ya makocha na wapenzi wa michezo wanaotaka kuona mfumo wa ulinzi na wa mashambulizi vinavyofanya kazi ndani ya timu moja, yenye wachezaji walewale, ndani ya miezi mitano.

Usuli

Kwa msomaji aliyezoea soka, mambo manne ya mchezo huu lazima yakae kichwani. Kila timu ina wachezaji 18 uwanjani. Uwanja una umbo la yai na ni mkubwa: urefu wa mita 135 hadi 185, upana wa mita 110 hadi 155. Hakuna kuotea, kwa hiyo wachezaji wote 36 wanaweza kurundikana upande mmoja wakitaka. Na mpira uliopigwa teke la angalau mita 15 ukidakwa kabla haujagusa kitu, mdakaji amepata maki: anasimama, anapumua, na anapiga bila kuguswa.

Goli ni alama 6. Mpira ukipita kati ya nguzo kubwa na nguzo ndogo ya pembeni ni alama 1. Tofauti hiyo ina uzito wa kimbinu ambao wengi hawauoni. Baada ya goli, mpira unarudi katikati na mwamuzi anauanzisha upya, kila timu ikiwa na nafasi sawa ya kuupata. Baada ya alama 1, mpira ni wa timu iliyofungwa, inauanzisha kutoka langoni kwake. Kukosa goli, basi, ni kumpa mpinzani mpira huku wachezaji wako wengi wakiwa mbele.

Mabishano kati ya ulinzi na mashambulizi ni ya zamani katika ligi kuu, AFL. Sydney ya kocha Paul Roos ilitwaa ubingwa wa 2005 kwa kuifunga West Coast 58 kwa 54, mchezo wa kubanana ambao bosi wa AFL wa wakati ule, Andrew Demetriou, alikuwa ameukosoa hadharani msimu huohuo. Miaka miwili baadaye Geelong ilichukua fainali ya 2007 kwa 163 dhidi ya 44 za Port Adelaide, ikicheza mpira wa kasi, pasi za ngumi (mpira hushikwa kwa mkono mmoja na kupigwa kwa ngumi ya mwingine) na kupenya kati. Mwaka 2010 Collingwood ya Mick Malthouse ilibeba kombe kwa presha ya juu: mpinzani anabanwa kwenye nusu yake mwenyewe hadi akosee. Kila bingwa huzaa waigaji, hata kwenye ligi za vijijini, na waigaji huchukua umbo la mfumo bila kuchukua sababu yake. Klabu ya kisa hiki ilifanya hivyo mara mbili.

Ligi yao ilikuwa na timu 10 na raundi 18. Ushindi ni alama 4 kwenye msimamo, na timu 5 za juu zinaingia fainali, yaani hatua ya mwisho ya kutafuta bingwa. Timu zikilingana huangaliwa asilimia, yaani alama ulizofunga kwa msimu ukigawa kwa ulizofungwa, mara 100. Ligi haikuwa na kanuni ya 6-6-6 ambayo AFL iliianzisha 2019, ile inayolazimisha kila timu kuweka wachezaji sita nyuma, sita kati na sita mbele kila mpira unapoanzishwa katikati ya uwanja. Kocha wa ligi hii alikuwa huru kurundika watu nyuma tangu sekunde ya kwanza.

Kikosi kilikuwa na viungo wanne wenye mbio, fulfowadi (mshambuliaji wa mbele kabisa) mmoja anayedaka vizuri, mabeki warefu wawili tu, na mchezaji mmoja wa raki, yaani yule mrefu anayeruka na mwenzake mpira unapoanzishwa na mwamuzi. Huyo mmoja wa raki atatajwa sana huko mbele. Mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi jioni, kama dakika 90 kila siku, na waliohudhuria mara zote mbili hawakuwahi kufika kikosi kizima.

Raundi ya 1 hadi ya 6: mbele kwa mbele

Kocha alikuwa mgeni klabuni na alitaka mchezo wa kasi. Maagizo yake yalikuwa machache na yalieleweka: mpira ukipatikana nyuma, usipigwe pembeni, upite njia ya kati, pasi ya ngumi kwanza, teke baadaye, mahafubeki (mabeki wa mstari wa mbele wa ulinzi) wote wawili wa pembeni wapande na mpira, mabeki wa mwisho wakabe mtu kwa mtu. Hoja yake ilikuwa kwamba viungo wake wana mbio kuliko wa timu nyingi, na kupitisha mpira kati kunafupisha safari ya kwenda golini na kuwapa mafowadi nafasi kabla ulinzi haujajipanga. Hoja hiyo ni sahihi.

Katika mechi sita walishinda mbili na kupoteza nne. Walifunga alama 528, wastani wa 88, na kufungwa 624, wastani wa 104. Mashabiki walifurahia mpira. Kamati ya klabu haikufurahia msimamo wa ligi.

Tukio moja la raundi ya 5, robo ya pili, linaonyesha namna walivyokuwa wakifungwa. Hafubeki wa kulia anaokota mpira mita 60 kutoka golini kwao. Anampa kiungo pasi ya ngumi, kiungo anampa mwenzake, mwenzake anampa wa tatu, wote wakikimbia mbele katikati ya uwanja. Mahafubeki wote wawili tayari wako mbele ya mpira wakiomba pasi. Pasi ya ngumi ya nne inakwenda kwa mchezaji aliyesimama, amelipa mgongo goli analolishambulia, na mpinzani yuko hatua mbili kutoka kwake. Anakamatwa, mpira unadondoka. Mpinzani anaokota na kupiga teke moja la mita 40 kwenye nafasi tupu. Nyuma amebaki fulbeki, yaani beki wa mwisho, peke yake dhidi ya mafowadi wawili. Kuanzia mpira kudondoka mpaka goli ni sekunde 11.

Msaidizi wa kocha na mzazi mmoja wa kujitolea walikaa na video za raundi ya 4, 5 na 6 na kuandika kila goli walilofungwa lilianzia wapi. Yalikuwa magoli 44. Kati ya hayo, 27 yalianzia kwenye mpira walioupoteza wenyewe katika eneo la kati ya mistari miwili ya mita 50 (iliyochorwa mita 50 kutoka kila goli), na 19 ya hayo 27 yalikuwa ndani ya njia ya kati. Magoli 11 yalitoka kwenye mpira wa kuanzishwa katikati. Sita tu yalitokana na mipira ya mwamuzi sehemu nyingine.

Karatasi ile ilikuwa na jibu zima. Walioisoma waliona neno moja tu, "kufungwa," na wakahitimisha kwamba ulinzi ni mbovu. Lakini mabeki walikuwa wakifungwa na mashambulizi ya timu yao wenyewe: mpira unapotea mahali pabaya, wakati watu wamekaa vibaya. Kuongeza beki hakuondoi kosa hilo, kunalisogeza tu.

Raundi ya 7 hadi ya 11: kupaki basi

Baada ya kikao na kamati, kocha aligeuka kabisa. Mchezaji wa saba alihamishiwa nyuma kwa kudumu, akiwa huru bila mtu wa kumkaba. Mawinga wote wawili waliambiwa wakae upande wa ulinzi wa mpira. Mbele walibaki wanne. Njia ya kati ilipigwa marufuku: mpira ukipatikana, teke refu kando ya mstari wa pembeni, na ukitoka nje, vyema: mwamuzi wa pembeni ataurudisha na kila mtu atajipanga upya.

Walishinda mechi tatu kati ya nne za kwanza, kwa tofauti ya alama 9, 4 na 11, na kupoteza moja kwa 6. Ilikuwa Juni, viwanja vya tope, mpira mzito na mtelezi. Katika hali hiyo pasi za ngumi za mpinzani zinaponyoka zenyewe, na basi lililopakiwa halihitaji ufundi mkubwa. Watu wakasema dawa imepatikana. Sehemu kubwa ya dawa ilikuwa mvua.

Dalili mbaya zilikuwepo tangu raundi ya 7, ila ushindi ulizifunika.

Ya kwanza ni umbali. Mpira ulipopatikana ndani kabisa ya eneo lao, goli lilikuwa zaidi ya mita 100 mbele, na njiani hapakuwa na mtu wa kuupokea. Teke refu la pembeni liliwakuta wapinzani watatu dhidi ya mmoja, na mpira ukarudi. Mara walizoingia ndani ya mita 50 za mpinzani zilishuka kutoka kama 50 kwa mechi hadi 36, huku wapinzani wakiingia kwao mara 58.

Ya pili ni raki. Mpira unaotoka nje mara kwa mara unazaa mipira ya mwamuzi mingi, na kila mpira wa mwamuzi ni pambano la kuruka na kusukumana. Timu yenye raki mmoja ilichagua mfumo unaotumia raki kuliko mfumo mwingine wowote. Kufikia robo ya nne kijana yule alikuwa haruki tena, anasimama na kunyoosha mkono.

Ya tatu ndiyo makocha wengi wa ridhaa hawaihesabu. Ukimtoa fowadi mmoja na kumpeleka nyuma, beki mmoja wa mpinzani naye anabaki bila mtu. Mtu wa ziada ni wa pande zote mbili. Wapinzani wenye akili walimweka huyo wao mita 20 mbele ya fulfowadi, akawa anadaka teke refu moja baada ya jingine. Fulfowadi, aliyekuwa mfungaji bora wa timu, alimaliza mechi mbili bila goli hata moja, na kwenye mazoezi ya Alhamisi mafowadi wawili vijana wakaanza kutoonekana.

Raundi ya 11 mambo yalifika mwisho. Uwanja ulikuwa mkavu na mkubwa. Mpinzani hakuushambulia ukuta. Alipiga mateke mafupi ya mita 20 hadi 25 kutoka upande mmoja hadi mwingine, maki baada ya maki, akisubiri. Kila mpira ulipohamishwa, mawinga walilazimika kukimbia upana wote wa uwanja, kama mita 100, kwenda kuziba. Robo ya tatu hawakuweza tena. Nafasi ikafunguka upande wa pili, na goli likaja kwa mtu aliye peke yake. Walipoteza kwa alama 33. Kwa raundi hizo tano jumla ilikuwa alama 275 za kufunga na 290 za kufungwa, ushindi tatu na vipigo viwili.

Raundi ya 12 na kuendelea: maamuzi mapya

Safari hii benchi la ufundi lilirudi kwenye karatasi ya magoli 44 na kuisoma kwa swali jingine: mpira ukipotea, unapotea wapi, na nani yuko nyuma yake? Hapo ndipo walipoacha kubishana kama timu ni ya kushambulia au ya kulinda, na maamuzi matano yakatoka.

*Mmoja aende, wawili wabaki.* Katika mstari wa mahafubeki watatu, mmoja tu anaruhusiwa kupita mbele ya mpira kwa wakati mmoja, yule wa upande ulipo mpira. Akipita, winga wa upande ule anashuka kuchukua nafasi yake. Nani anaenda hujulikana kwa sauti: anayekwenda anapaza "naenda," na wa kati anajibu "nimebaki." Walifanya zoezi la 9 kwa 9 ambalo msaidizi anapuliza filimbi ghafla na mpira unakuwa wa upande wa pili palepale. Filimbi ikikuta mahafubeki wawili mbele, zamu inaanza upya. Zoezi lilichukua dakika 20 kila Jumanne, na wiki mbili za kwanza lilikuwa fujo tupu.

*Njia ya kati ifunguliwe, kwa masharti.* Teke la mshazari kwenda ndani liliruhusiwa kwa mchezaji mwenye maki pekee, anayetazama mbele. Hapa kanuni ya kusimama ilisaidia. Ligi yao ilikuwa imeifuata AFL, iliyoianzisha 2021: mlinzi aliyesimama kwenye alama ya maki haruhusiwi kusogea hadi mwamuzi atoe ishara, kwa hiyo pembe ya teke la ndani inabaki wazi. Mchezaji asiye na maki, mwenye mtu mgongoni, alitakiwa kupiga mrefu kuelekea kundi, mita 10 ndani ya mstari wa pembeni na si juu ya mstari. Mita hizo kumi zinatosha mpira ukidondoka uokotwe na wachezaji wafupi watatu waliosubiri chini, badala ya kutoka nje na kumchosha raki. Pasi ya ngumi kwa mtu aliyesimama ikapigwa marufuku moja kwa moja.

*Ukuta upande juu.* Mpira ukiingia ndani ya mita 50 za mpinzani, mabeki wasibaki golini kwao. Wanapanda hadi karibu na katikati ya uwanja, wakiacha mita 15 hadi 20 kati ya mtu na mtu, na wakilinda eneo badala ya mtu. Mafowadi sita wana sekunde tano za kumsonga aliyepata mpira. Zikipita bila mafanikio, wanarudi kujipanga. Ishara ya kurudi nyuma nayo ilikuwa moja: mpinzani amepata maki akiwa anatazama mbele na hana presha. Bila ishara hiyo, hakuna anayerudi. Ishara ikija, wote wanarudi, na hii ndiyo sehemu ngumu, maana ukuta wenye mtu mmoja aliyechelewa ni mbaya kuliko kutokuwa na ukuta.

*Mtu wa ziada awe wa muda.* Angekwenda nyuma kwa amri ya kocha tu, inayofikishwa na mpeleka ujumbe, katika hali tatu: wanaongoza kwa chini ya alama 12 na zimebaki dakika kama 8, wanacheza dhidi ya upepo mkali, au wamefungwa magoli mawili mfululizo kutoka mpira wa katikati.

*Upepo upangiwe.* Timu hubadilishana pande za uwanja kila robo, na kwenye viwanja vya wazi vya Victoria upepo unaweza kuwa na thamani ya magoli matatu au manne kwa robo. Wakiwa na upepo, walipiga mrefu na mapema, na ukuta ukasimama mita 10 juu ya kawaida, kwa sababu mpira unaopotea ukiwa na upepo mgongoni huruka mbali nyuma ya fowadi na mpinzani huanza kutoka langoni kwake akihangaika. Wakiwa dhidi ya upepo, walipiga mafupi, wakadaka, wakavuta muda. Pembeni walitumia upande ule ambao upepo unausukumia mpira, ambako mpinzani naye hupata tabu kuutoa.

Kuhusu raki, hafufowadi mmoja mrefu alianza kuchukua theluthi moja ya muda wake. Hakuwa akishinda mipira mingi. Kazi yake ilikuwa kumzuia raki wa mpinzani asishinde kwa raha.

Matokeo

Katika raundi saba za mwisho walishinda tano na kupoteza mbili, wakifunga alama 546, wastani wa 78, na kufungwa 448, wastani wa 64. Walifunga kidogo kuliko mwanzo wa msimu na walifungwa kidogo kuliko mwanzo wa msimu. Anayetafuta sentensi moja ya kumpelekea mwenyekiti wa klabu hataipata hapo, ila tofauti ya alama 14 kwa mechi ndiyo hiyo.

Msimu mzima: ushindi 10, vipigo 8, alama 40 kwenye msimamo, alama 1,349 za kufunga dhidi ya 1,362, asilimia 99.0. Timu nyingine ilikuwa na alama 40 vilevile, ila asilimia yake ilikuwa 96 na kitu. Wakaingia fainali wakiwa wa tano, na ratiba ikawakutanisha na timu ya nne, katika mechi ambayo anayefungwa anatoka.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Sharti la mahafubeki lilileta faida kubwa kuliko mengine yote, na ndilo lililokuwa rahisi kulieleza. Halikuzuia mashambulizi, lilipanga nani abaki nyuma yake. Timu nyingi zinazoitwa za kushambulia huwa na sharti la namna hiyo ambalo mtazamaji halioni, kwa sababu macho yanafuata mpira.

Ukuta wa juu ulifanya kazi nusu. Mara walizonasa mpira ndani ya nusu ya mpinzani ziliongezeka, na goli kutoka hapo ni rahisi kwa sababu ulinzi wake umeshatawanyika kwa ajili ya kushambulia. Ila ukuta wa namna hiyo unahitaji beki anayesoma safari ya mpira mapema na kuacha mtu wake aende kuudaka. Mfano ambao msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuufuatilia ni Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na kuchezea Sydney kabla ya kuhamia Port Adelaide. Mwaka 2021 aliingia kikosi bora cha msimu cha AFL kwa kazi hiyohiyo: kumwacha mtu kwa wakati sahihi na kuruka mbele ya wengine. Klabu ya kisa hiki ilikuwa na mmoja wa aina hiyo. Alipoumia kifundo raundi ya 16, ukuta ulishuka mita 20 bila mtu kuamuru, na wakapoteza mechi ile.

Kufungua njia ya kati kwa wenye maki pekee kuliwarudishia mafowadi uhai. Wale vijana wawili walirudi mazoezini baada ya raundi ya 12. Kuna makocha wanaochukulia hilo kama jambo la pembeni. Kwenye klabu ya ridhaa, ambako mchezaji ametoka shambani au kazini na hakuna anayemlipa cha maana, mfumo ambao watu sita hawagusi mpira utakosa watu sita kabla ya Agosti.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Mpira wa kuanzishwa katikati haukutatuliwa. Yale magoli 11 ya karatasi ya kwanza yalipungua, lakini kwa sababu mpinzani alikuwa akifungwa kidogo na hivyo mpira wa katikati ulikuwa mchache. Walijaribu kumweka kiungo mmoja nyuma ya raki kama kizuizi, wakapoteza kasi ya kutoka. Kwa raki wa kiwango kile, pengine hapakuwa na jibu ndani ya msimu.

Kuanzisha mpira baada ya alama 1 nako kulibaki dhaifu. Mpigaji alikuwa mmoja, mguu wa kulia, na kila timu ilijua anapendelea kulia. Kufikia raundi ya 15 wapinzani waliweka watu wanne upande huo na kuacha kushoto wazi, wakiamini hatapiga huko. Hakupiga. Mpigaji wa pili wa mguu wa kushoto alikuwepo kikosini na angeweza kuandaliwa kwa dakika 10 za mazoezi kwa wiki.

Na awamu ya pili yenyewe ihukumiwe kwa haki. Bila ushindi ule tatu wa Juni wasingefika fainali. Kosa halikuwa kupaki basi kwenye tope. Kosa lilikuwa kulipaki kwenye uwanja mkavu pia, kwa sababu matokeo yalikuwa yamekataza maswali.

Fainali

Walicheza uwanja wa nje, upepo wa kutoka upande mmoja wa goli. Baada ya robo tatu walikuwa wakiongoza 66 kwa 57, na robo ya nne ilikuwa dhidi ya upepo. Hali ya pili ya kumpeleka mtu wa ziada nyuma ilitimia, na ya kwanza ilikuwa nusu imetimia: uongozi ulikuwa chini ya alama 12, ila zilibaki dakika 20 na ushei, si 8. Kocha alimpeleka mtu wa ziada nyuma tangu mpira wa kwanza wa robo.

Mpinzani hakushangaa. Beki wake aliyebaki huru alikwenda kusimama mita 20 mbele ya fulfowadi, palepale wengine waliposimama mwezi Juni. Alidaka mateke manne katika dakika kumi za kwanza. Mawili kati ya hayo yaligeuka magoli upande wa pili. Ulipofika wakati wa kumrudisha mtu wa ziada mbele, mpeleka ujumbe alikuwa upande wa pili wa uwanja, raki alikuwa amechoka, na uongozi ulikuwa umekwisha. Robo ile walifunga alama 5, zote za mojamoja, na kufungwa 28. Mechi iliisha 71 kwa 85.

Maandalizi ya msimu uliofuata yalibadilisha mambo mawili kwenye daftari. Hali ya upepo iliondolewa, isiwe tena sababu ya kujitegemea ya kumpeleka mtu wa ziada nyuma, na kukawa na kikomo cha dakika 8 kwa hali zote. Pia, anapokwenda nyuma, fulfowadi haruhusiwi kusubiri teke refu. Anatoka mita 40 kuelekea mpira, ili beki aliye huru amfuate au aache nafasi nyuma yake.